Asesmenti ya mtoto hapa Kisumu: nyota 4, ya 5 imeliwa na foleni

Wazazi wenzangu wacha niwaambie hii kitu juu naona wengi mnaulizana mtoto asiyeona vizuri darasani apelekwe wapi kupimwa. Kijana wangu yuko gredi 4, anasoma kitabu kikiwa kimegusa pua, ubaoni haoni kitu, miwani alishapewa na bado. Hedmasta wake (jina sitaji, mtoto bado yuko hapo) akaniita akasema mama huyu tumeshindwa, mpeleke Kibos kwa wasioona. Sasa mtoto ananitambua nikiwa getini na anajua nimebeba mandazi, huyo ni kipofu wa aina gani?

Nikaambiwa niende EARC, zile ofisi za serikali za kupima watoto, ziko tangu 1984 na jirani zangu wote hawakuwa wamezisikia. Sikulipa kitu, nauli tu kutoka Kondele. Lakini kungoja! Tulikalia benchi kutoka saa mbili mpaka saa saba, afisa mmoja, watoto wamejaa hadi nje, halafu ati rudini Alhamisi. Nilirudi nyumbani nikitukana kimoyomoyo.

Alhamisi yule afisa, madam mmoja, akachukua muda wake. Chati ya herufi E zinazoangalia huku na huku, kijana anaonyesha kwa kidole, anakosea, anacheka. Kisha akampa hadithi ya maandishi makubwa na akasoma ukurasa mzima bila kuinama, mimi machozi yakanitoka, ananiuliza mama ni nini sasa.

Ripoti ikasema uoni hafifu, breili hahitaji, akae mbele, apewe maandishi makubwa, na mtihani wa KNEC (baraza la mitihani la taifa) ukifika shule imwombee mapema karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada. Madam akaniambia nikifika shuleni nitaje Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, shule hairuhusiwi kumbagua mtoto juu ya ulemavu, na Katiba kifungu cha 54 kinampa haki ya kusoma pamoja na wenzake kadiri inavyomfaa. Sikuhitaji hata kutaja. Hedmasta alisoma ile karatasi mara mbili, akageukia mwalimu wa darasa: "Kwani dawati la mbele anakaa nani?"

Lenzi ya kukuza maandishi pale EARC hawakuwa nayo, hiyo bado natafuta. Mkienda bebeni cheti cha kuzaliwa, barua ya hospitali, daftari zake za shule, na chai ya kutosha kwa thamosi.