PlayStation 2 ya Mtumba: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Mtu akiulizia PlayStation 2, mashine ya Sony ya michezo ya video, ya mtumba, muuzaji humrudishia swali moja: unataka nene au nyembamba? Swali hilo ni la haki lakini halitoshi, kwa sababu Sony waliiuza mashine hiyo tangu tarehe 4 Machi 2000 nchini Japani hadi walipositisha utengenezaji wake mwanzoni mwa 2013, wakauza zaidi ya mashine milioni 155, na katika kipindi hicho chote waliendelea kubadilisha vilivyomo ndani huku jina la juu likibaki lile lile. Mashine mbili zinazofanana kama pacha juu ya kaunta zinaweza kutofautiana kwa chipu, kwa umeme na hata kwa michezo zinayoikubali. Ndiyo maana mpangilio ninaoutoa hapa unafuata namba iliyobandikwa nyuma au chini ya mashine, ile inayoanza na herufi SCPH.

Tarakimu za mwanzo za namba hiyo hueleza kizazi, na ya mwisho hueleza soko ambalo mashine ilitengenezewa: 0 ni Japani, 1 ni Amerika Kaskazini, 3 ni Uingereza na 4 ni nchi nyingine za Ulaya. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, tarakimu ya mwisho ndiyo ya kusomwa kwanza. Mashine nene ya Japani imetengenezewa umeme wa volti 100 na ya Marekani volti 120, ilhali soketi zetu hutoa volti 230 au zaidi kidogo. Mimi niliwahi kununua SCPH-39000 katika duka moja la mtumba, safi, haina hata mkwaruzo, nikafika nyumbani nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka nilipoanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoirudisha niliambiwa, "Kaka, hiyo ilitaka transfoma, mbona hukuuliza?" Jambo la pili ni diski: mashine ya Japani haikubali diski halisi za michezo za Ulaya, wala ya Ulaya haikubali za Marekani. Hata kwa filamu za DVD kuna mipaka, kwani hufungiwa kanda za dunia: Ulaya na Japani zote ziko kanda ya 2 na Afrika Mashariki imewekwa kanda ya 5.

Nafasi ya kwanza naipa SCPH-90004, pamoja na ndugu yake wa Uingereza SCPH-90003. Hiki ndicho kizazi cha mwisho, kilichoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007, kwa hiyo hata iliyozeeka kuliko zote katika kundi hili ina umri mdogo kuliko nyembamba nyingine zilizoko sokoni. Sifa yake kubwa ni kwamba sehemu ya kupokea umeme imerudishwa ndani. Nyembamba zote zilizoitangulia hutumia adapta ya nje ya volti 8.5, kipimo ambacho si rahisi kukipata dukani, na adapta ikipotea mafundi wengine hubandika ya volti 12 ya kamera za ulinzi, jambo ambalo mashine haiwezi kulivumilia. SCPH-90004 inahitaji waya wa kawaida tu, kama ule wa redio.

Hata hivyo ina kasoro mbili ambazo muuzaji hatakutajia. Tangu mwanzo, PlayStation 2 ilibeba ndani yake prosesa ya PlayStation ya kwanza, ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa kuhudumia pedi, memori kadi na milango mingine. Ukiingiza diski ya zamani, mtumishi huyo ndiye anayeshika usukani. Kuanzia SCPH-75000, Sony waliiondoa prosesa hiyo, wakaweka chipu ya aina ya PowerPC inayoiiga, na baadhi ya michezo ikaanza kugoma au kuonyesha kasoro. Kasoro ya pili inawahusu wanaopenda kuendesha programu za wapenzi, yaani zile zilizotengenezwa na mashabiki wa mashine hii wala si Sony, kwa kutumia memori kadi. Kwenye lebo kuna alama ya tarehe yenye tarakimu na herufi: tarakimu ni mwaka, herufi ni robo ya mwaka. Mashine zenye alama ya hadi 8B hukubali kadi hizo, za 8C ni bahati nasibu, na za 8D kuendelea hazikubali, kwa kuwa programu ya ndani ilibadilishwa.

Kwa mwenye sanduku la diski za PlayStation ya kwanza, nafasi mbili za juu zinabadilishana, na SCPH-50004, ninayoipa nafasi ya pili, inapanda juu. Ni nene, ina uzito wa zaidi ya kilo mbili, lakini ina prosesa halisi ya zamani, umeme wa ndani wa volti za Ulaya, na feni iliyo kimya kuliko za nene zilizoitangulia. Nyuma yake kuna uwazi wa kuwekea hadi diski (hard disk, ya kuhifadhia data) kupitia adapta ya mtandao, na uwazi huo una historia yake. Mwaka 2002 Sony waliuza seti ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, yenye kibodi, kipanya na hadi diski ya gigabaiti 40, iliyoifanya mashine ya kuchezea kuwa kompyuta kamili; mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliunganisha mashine zipatazo 70 wakapata kompyuta moja ya kufanyia hesabu za kisayansi. Haikuwa mara ya kwanza uwezo wake kuchukuliwa kwa uzito. Mwaka 2000 serikali ya Japani iliiwekea masharti ya kuisafirisha nje, ikihofia kwamba uwezo wake wa kuchakata picha ungeweza kutumika katika kuongozea makombora. Leo watoto wangu wanaiwekea sahani ya ugali juu. Kwa mnunuzi wa sasa, faida ya uwazi ule ni kwamba lenzi ikifa, michezo inaweza kuendeshwa kutoka kwenye hadi diski, na maisha ya mashine yakarefuka.

SCPH-77004 na SCPH-79004 nazipa nafasi ya tatu, na sina mengi ya kusema juu yake: ni nyepesi, hazina shida kubwa, na zote zinaikubali memori kadi ya programu za wapenzi. Sharti ni moja tu, kwamba zije na adapta yake halisi.

SCPH-70004, nyembamba ya kwanza ya mwaka 2004, naiweka ya nne ingawa bado ina prosesa halisi ya zamani. Sababu ni lenzi. Nyingi ya zilizoko mitaani zilifunguliwa zikatiwa chipu ya kuziwezesha kusoma diski za kunakili, na kizazi hiki kinajulikana kwa kuunguza lenzi kikishatiwa chipu hiyo. Ukiona skrubu za chini zimechubuka au vifuniko vyake vya mpira havipo, jua fundi amekwishapita humo. Chini yake naziweka nene za mwanzo kama SCPH-30004, zenye feni ya kelele na lenzi iliyochoka. Ya mwisho kabisa ni yoyote ya Japani isiyo na transfoma, hususan SCPH-10000, ambayo ilitoka kiwandani bila programu ya DVD ndani yake na ilibidi programu hiyo isomwe kutoka kwenye memori kadi.

Wako wanaoshauri kununua PlayStation 3 badala yake. Ushauri huo ni mzuri kwa matoleo ya kwanza tu, yaliyobeba chipu za PlayStation 2, kwa kuwa yaliyofuata hayasomi kabisa diski za PlayStation 2. Vilevile mwaka 2010 Sony waliuza nchini Uingereza televisheni ya Bravia ya inchi 22 yenye PlayStation 2 ndani ya kitako chake. Hiyo ni ya mkusanyaji.

Ukishachagua namba, usilipe kabla ya kuijaribu papo hapo, na nenda na diski mbili zako mwenyewe. Moja iwe ya DVD, ambayo chini ni ya fedha, na nyingine iwe ya michezo midogo iliyotolewa kwa CD, ambayo chini yake ni ya buluu. Lenzi ina miale miwili tofauti kwa aina hizo mbili, na mashine inaweza kusoma moja vizuri huku nyingine ikiizungusha bila mafanikio. Muuzaji mjanja hujaribu kwa ile inayokubali. Beba pia memori kadi uliyoitumia muda mrefu. Mashine inapowaka, ile minara inayopita kwenye giza huongezeka na kurefuka kulingana na historia ya michezo iliyoandikwa kwenye kadi, kwa hiyo kadi kongwe isipoleta mnara hata mmoja, huenda tundu la kadi limekufa. Jaribu matundu yote mawili.

Kuhusu waya wa picha usibabaike, kwani tundu lake ni lile lile la PlayStation ya kwanza na ya tatu. Ikiwa mashine inauliza lugha na tarehe upya kila inapowashwa, hiyo ni betri ndogo ya saa, CR2032, iliyokwisha. Ni betri ya bei ndogo, lakini mwenye duka asiyeijua sababu hiyo mara nyingi hukubali kupunguza bei.