Pro-Football-Reference: tovuti bora ya kubishania makwotabeki, ukijua safuwima za kuziogopa

Kwa anayefuatilia NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na anayependa kubishana kwa ushahidi, Pro-Football-Reference ndiyo tovuti ya kwanza kufungua. Haidai malipo wala kujisajili, rekodi zake zinaanzia 1920, na ukurasa wa kila mchezaji unakupa msimu kwa msimu na mechi kwa mechi. Ilianzishwa mwaka 2000 na Doug Drinen, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu, na leo iko chini ya kampuni ya Sports Reference. Kama unataka kujua Tom Brady, kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), alirusha yadi ngapi (89,214), pasi ngapi za tachidauni, yaani za kufunga (649) na pasi zake ngapi zilinaswa na wapinzani (212), jibu unalipata kabla mwenzako hajamaliza kubisha.

Takwimu zenyewe ni safi. Kasoro kubwa iko kwa wanaozisoma. Zipo safuwima tatu au nne ambazo mashabiki huzikimbilia kuthibitisha kwamba fulani ana moyo, fulani ni kiongozi, fulani huyeyuka kukiwa na presha. Jedwali halikupima hayo. Limepima matokeo ya timu, kisha likayaandika kwenye mstari wa mtu mmoja.

Safuwima inayopotosha kuliko zote ni QBrec, yaani ushindi na vipigo vya mechi ambazo kwotabeki huyo alianza. Iko mwanzoni kabisa mwa jedwali la kurusha, karibu na idadi ya mechi, kwa hiyo jicho linaiona mapema. Brady anasoma 251–82 kwenye msimu wa kawaida. Ni rekodi ya kutisha, na ni haki yake kujivunia. Lakini fungua mechi zake mbili zilizofuatana za Super Bowl, fainali ya NFL. Februari 2018, dhidi ya Eagles, alikamilisha pasi 28 kati ya 48, yadi 505, tachidauni 3, hakunaswa hata pasi moja. Alipigwa 41–33. Februari 2019, dhidi ya Rams, alikamilisha 21 kati ya 35, yadi 262, tachidauni sifuri, pasi moja ikanaswa. Alishinda 13–3. Kwa QBrec, ya kwanza ni doa na ya pili ni pete ya sita, yaani ubingwa wake wa sita. Anayehesabu pete peke yake anampa Brady sifa kwa usiku ambao ulinzi wa timu yake, Patriots, uliwabana Rams kwa pointi 3, na anamlaumu kwa usiku ambao yeye alifanya kila kitu ila kukaba.

Peyton Manning ana mfano mkali zaidi. Msimu wa 2013 alirusha yadi 5,477 na tachidauni 55, rekodi zote mbili, kisha Denver ikabomolewa 43–8 na Seattle kwenye fainali. Msimu wa 2015 alikuwa na tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa, akakaa benchi kwa wiki kadhaa, na huo ndio msimu uliompa pete ya pili. Von Miller na wenzake wa ulinzi ndio walioibeba timu. Trent Dilfer, kwotabeki wa kawaida tu, anayo pete; Dan Marino, gwiji wa kurusha, hana. Anayebisha kwamba pete ndizo kipimo cha ukubwa aanze kwanza kulieleza hilo.

Basi utazame nini? Nenda kwenye ANY/A. Ni yadi kwa kila jaribio la kurusha, baada ya kuongeza na kutoa, na unaweza kuihesabu kwa kikokotoo cha simu: chukua yadi za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, toa yadi zilizopotea alipoangushwa kabla ya kurusha, kisha gawa kwa jumla ya pasi alizorusha na mara alizoangushwa. Kwa zile mechi mbili za Brady, ukiacha pembeni kuangushwa, ya kwanza inatoa (505 + 60) ÷ 48, yaani 11.8. Ya pili ni (262 − 45) ÷ 35, yaani 6.2. Hapo mechi aliyopigwa inaonekana kuwa kazi bora karibu mara mbili ya ile aliyoshinda, na ndivyo ilivyokuwa uwanjani.

Angalizo kwa anayehesabu mwenyewe: jedwali lina safuwima mbili zenye jina lilelile la Yds. Ile ya kushoto ni yadi za pasi. Ya kulia, pembeni ya Sk (mara alizoangushwa), ni yadi zilizopotea kwa kuangushwa. Ukichanganya hizo mbili, hesabu yako yote inaharibika, na kosa hilo ni rahisi kulifanya hasa kwenye simu, ambako jedwali unalivuta kwa kidole na vichwa vya safuwima vinakupotea.

Safuwima ya Rate ndiyo kipimo rasmi cha NFL tangu 1973, na kilele chake ni 158.3. Inafaa kulinganisha watu wa kipindi kimoja. Udhaifu wake ni kwamba haihesabu kuangushwa, wala haihesabu kukimbia na mpira. Lamar Jackson mwaka 2019 alikimbia yadi 1,206 na hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo kwenye Rate, wala kwenye ANY/A. Za kukimbia ziko kwenye jedwali lake jingine chini ya ukurasa; usiposhuka hadi huko, hujamsoma Jackson. QBR, kipimo cha ESPN chenye 50 kama wastani, inagusa kukimbia pia, lakini inaanzia 2006. Pete tatu za kwanza za Brady hazina QBR kabisa. Kumlinganisha na Patrick Mahomes, kwotabeki wa kizazi cha baadaye, kwa QBR ni kumkata Brady ujana wake.

Sasa 4QC na GWD, kipenzi cha wanaozungumzia ujasiri. Ya kwanza inahesabu mechi ambazo timu ilikuwa nyuma robo ya nne kwa pengo la mpigo mmoja wa kufunga, yaani pointi 8 au pungufu, kisha ikapindua meza. Ya pili inahesabu shambulizi la robo ya nne au muda wa nyongeza lililoipa timu uongozi wa mwisho. Zinavutia kusoma. Ila tazama zinavyofanya kazi: ili upate alama moja ya 4QC, lazima kwanza uwe nyuma. Kwotabeki aliyemaliza mechi mapema, akiongoza kwa pointi 20 kufikia mapumziko, anapata sifuri. Aliyecheza ovyo robo tatu kisha akaamka, anapata moja. Halafu mpiga mateke wa timu yake akikosa goli la yadi 45 sekunde ya mwisho, alama inafutika hata kama yeye aliipeleka timu mpaka pale bila kosa. Kwa mabingwa wa muda mrefu namba hizi hukua kwa sababu ya miaka mingi, siyo kwa sababu ya damu baridi pekee. Zitumie kuonyesha kwamba jambo lilitokea. Usizitumie kumpima mtu roho.

Eneo ambalo tovuti hii inaishinda kumbukumbu ya shabiki yeyote ni kulinganisha zama. Chini ya jedwali kuu kuna jedwali la vipimo vilivyorekebishwa, ambavyo majina yake huishia na alama ya kujumlisha: Rate+, ANY/A+, Sack%+ na wenzake. Wastani wa ligi ni 100, na kila pointi 15 juu au chini ni hatua moja kamili ya mtawanyiko, kwa hiyo 115 ni mzuri kweli na 130 ni wa kutajwa. Bila jedwali hili, Joe Namath anaonekana kituko: tachidauni 173, pasi zilizonaswa 220, Rate ya 65.5, na bado yumo kwenye Jumba la Magwiji la Canton, Ohio. Ukishuka kwenye vipimo vilivyorekebishwa unakuta misimu yake mizuri iko juu ya 100, maana enzi zile kila mtu alinaswa pasi nyingi. Mwaka 1967 alirusha yadi 4,007 kwa mechi 14, wa kwanza kuvuka 4,000.

Mwaka wa kukumbuka ni 1978. Ligi iliwazuia walinzi kumgusa mpokeaji baada ya yadi 5, ikawaruhusu wanaomlinda kwotabeki kunyoosha mikono, na ratiba ikapanda kutoka mechi 14 hadi 16. Tangu 2021 ni 17. Jumla za msimu zisizogawanywa kwa mechi hazilingani kabisa kati ya vipindi hivyo, tumia Y/G (yadi kwa mechi). Njia nyingine nzuri ni kufungua ukurasa wa msimu wenyewe na kumtazama aliyeshika nafasi ya pili. Mwaka 1984 Marino alirusha tachidauni 48 na aliyemfuata, Dave Krieg, alikuwa na 32. Mwaka 2013 Manning alikuwa na 55, Drew Brees 39. Marino alimzidi wa pili kwa mara 1.5, Manning kwa mara 1.4. Kwa maoni yangu msimu wa Marino ndio mkubwa zaidi, na miaka 29 iliyopita katikati haijabadilisha hilo.

Makosa mengine mawili hujirudia kwenye ubishi. La kwanza: jumla za maisha ya mchezaji hazina mechi za mtoano. Zile 649 za Brady hazijumuishi tachidauni 88 za mtoano, ambazo ziko kwenye jedwali la pembeni, unalifungua kwa kubonyeza Playoffs. La pili: Super Bowl huchezwa Februari lakini huandikwa kwenye msimu uliotangulia. Pete ya saba ya Brady, ya Februari 2021, iko kwenye mstari wa 2020.

Mstari huo wa 2020 unafaa pia kwa wanaobishana kama aliyeleta ubingwa wa New England Patriots ni Brady au kocha Bill Belichick. Linganisha kurasa za timu. Mwaka 2008 Brady aliumia goti mechi ya kwanza, Matt Cassel akaanza mechi 15 na kushinda 10. Hoja ya Belichick hiyo. Mwaka 2020 Brady alihamia Tampa Bay, timu iliyotoka na ushindi 7 na vipigo 9, akatwaa ubingwa, na New England aliyoiacha ikamaliza 7–9; hoja ya Brady hiyo. Wote wawili wana ushahidi mezani.

Kuhusu tabia, tovuti iko kimya, na ukimya huo naupenda kwa sababu haujifanyi kujua. Ila msomaji lazima ajue yasiyoandikwa. Brady ana mechi 12 mwaka 2016 kwa sababu alifungiwa nne katika sakata la mipira iliyopunguzwa upepo. Michael Vick ana pengo la 2007 na 2008 kwa sababu alifungiwa na ligi, kisha akaenda gerezani, kwa kesi ya mapigano ya mbwa. Msimu wake wa 2010, tachidauni 21 kwa pasi 6 zilizonaswa, haumtetei wala haumshitaki. Wapiga kura wa Canton wenyewe huelekezwa kutazama ya uwanjani tu. Colin Kaepernick mwaka 2016, mwaka aliopiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga ubaguzi, anasoma 1–10. Wanaosema timu zilimwacha kwa sababu ya kiwango huonyesha hiyo. Pembeni yake kuna tachidauni 16, pasi 4 tu zilizonaswa na Rate ya 90.7, kwenye timu ambayo ulinzi wake uliruhusu pointi nyingi kuliko wote kwenye ligi. QBrec inamhukumu, safuwima zilizobaki hazimhukumu.

Warren Moon ndiye anayeonewa zaidi na jedwali. Ukurasa wake unaanza 1984, akiwa mtu mzima. Mwaka 1978 hakuna timu ya NFL iliyomchagua, enzi ambazo makwotabeki weusi walitakiwa kubadili nafasi, akaenda Kanada kutwaa ubingwa mara tano mfululizo akiwa na Edmonton. Miaka hiyo haimo kwenye zile yadi zake 49,325. Yeyote anayempanga Moon kwenye orodha ya magwiji kwa jumla za NFL peke yake anarudia kosa la timu zile.

AV na HOFm nazipita haraka. AV inabana msimu mzima kuwa namba moja na inafaa kulinganisha kwotabeki na mchezaji wa nafasi nyingine. HOFm, ambayo 100 ni kiwango cha kawaida cha aliyemo Canton, inahesabu tuzo na ubingwa, kwa hiyo inakisia kura kuliko inavyopima uwezo.

Kwenye matumizi: hakuna Kiswahili, na vifupisho ni vingi. Kwenye kompyuta weka kishale juu ya kichwa cha safuwima upate maana. Kwenye simu bonyeza Glossary juu ya jedwali. Matangazo yanakera kwenye kioo kidogo. Ukitaka jedwali kwenye Excel, bonyeza Share & Export kisha chagua CSV, nakili maandishi, yahifadhi kama faili; hakikisha umeweka majina tofauti kwa zile Yds mbili kabla ya kuanza hesabu. Anayevuta kurasa kwa programu aende polepole, kwani kuna kikomo cha maombi kwa dakika na ukikivuka unafungiwa kwa muda. Huduma ya kulipia, Stathead, inakuruhusu kuuliza maswali ya mchanganyiko, mfano misimu yote ya kwotabeki wa chini ya miaka 25 yenye tachidauni zaidi ya 30. Anayeandika au kutangaza mchezo huu kila wiki itamfaa. Kwa anayebishana tu na wenzake, kurasa za bure zinatosha.