ScratchJr kwa darasa la kwanza na la pili: tunaipendekeza, ila kaa chonjo na brashi

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, ScratchJr, programu ya kishikwambi ambamo mtoto hupanga amri za kumwendesha paka kwenye skrini, ndiyo ya kwanza tunayoipendekeza. Ni ya bure, ukishaipakua haihitaji tena intaneti, na amri zake ni vipande vyenye alama, si maneno, kwa hiyo mtoto ambaye bado hajui kusoma anaanza sawa na mwenzake. Ilitoka mwaka 2014 kwa iPad, kazi ya vyuo vikuu vya Tufts na MIT vya Marekani pamoja na kampuni ya Playful Invention. Android ilifuata baadaye.

Utamu wake uko kwenye hesabu. Jukwaa la paka lina miraba 20 kwa 15, na ukiwasha gridi, namba zinajitokeza pembeni. Toa kazi moja tu: paka yuko mraba wa 3, mfikishe wa 11. Mtoto anaweka kipande cha njano chenye bendera ya kijani, anaunga cha bluu cha kwenda kulia, anagusa namba iliyo chini yake na kuweka 8. Akiweka 7 anaona papo hapo paka ameishia wapi, anarekebisha mwenyewe. Kipande cha kugeuka nacho ni hazina: 12 ni mzunguko mzima, basi 6 ni nusu na 3 ni robo. Hapo umeshagusa somo la saa.

Kinachoua kipindi ni sehemu ya kuchora. Akishagusa brashi, mtoto anaweza kumaliza dakika zote 30 akimpaka paka rangi. Sheria iwe wazi tangu mwanzo: rangi ni ya waliomaliza kazi. Waketi wawili kwa kishikwambi kimoja, mmoja akishika na mwenzake akitaja amri, wabadilishane katikati ya kipindi. Wakiwa watatu, mmoja hubaki mtazamaji.

Makosa yanayojirudia yana sababu zake. Paka akienda ovyo, tazama kama kuna mistari miwili ya vipande inayoanza na bendera. Yote huanza kwa pamoja. Mtoto akigusa vipande vyenyewe badala ya bendera, paka huendelea kutoka alipo, na majibu yanaonekana si sahihi hata kama namba ni sahihi. Mfundishe kitufe cha kurudisha wahusika mwanzo. Kuruka na kupanda huchanganywa sana: anayeruka hurudi chini, anayepanda hubaki juu. Na kwenye kipande cha kusubiri, 10 ni sekunde moja, si sekunde kumi. Kurekodi sauti tungekuacha kabisa ndani ya darasa lenye watoto wengi, maana kinachosikika ni kelele za wote.

Una kifaa kimoja tu? Walimu wengi Tanzania walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, na kimoja kinatosha kuanzia. Chora vipande kwenye kadi za manila: bendera, kulia, kushoto, juu, chini, mwisho, pamoja na kadi za namba 1 hadi 10. Chora miraba sakafuni kwa chaki. Kikundi kinapanga kadi, mtoto mmoja anatembea kwa kuzifuata, darasa linatabiri ataishia wapi, kisha mwalimu anaingiza amri zilezile kwenye kishikwambi. Kutabiri kabla ya kugusa bendera kusirukwe hata siku moja. Bila hivyo watoto hubahatisha namba hadi paka afike, na hakuna aliyehesabu.

Upungufu upo. Mradi mmoja una kurasa nne tu, na hakuna amri ya “kama… basi”, hivyo kuanzia miaka 8 hamia Scratch yenyewe, programu mama ya watoto wakubwa zaidi. Kazi pia huhifadhiwa ndani ya kifaa. Ukiondoa programu, zimepotea. Vipe vifaa namba, kila jozi irudi kwenye kifaa chake, na mradi upewe jina kwa kugusa kona ya njano iliyo juu kulia.