Taa ya kuning'iniza juu ya tangi la samaki: miezi saba Raskazone, Tanga

Taa yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Vifaa vya kuning'inizia vilivyokuja nayo kwenye boksi navipa nusu nyota, na hiyo nusu ni ya zile skrubu, maana zilinifaa kwenye kabati la jikoni.

Tangi langu ni la sentimita 120 kwa 45, kimo 50, liko sebuleni, na bahari haiko mbali. Ndani kuna samaki aina ya gapi na moli, na mimea: anubia niliyoifunga kwenye kigogo, na valisneria kwa nyuma. Miaka minne nilitumia mfuniko wa mbao wenye tyubu mbili za wati 36. Mwanga haukuwa na ubaya, ila kila nikitaka kupogoa jani moja sharti niinue mfuniko mzima, na mbao zilishavimba kwa mvuke, zikirudi hazikai. Ndipo nikaagiza Kariakoo hii taa ya LED: sentimita 90, wati 36, mwanga mweupe wa kelvini 6500. Nililipa shilingi 95,000, ikaja na basi, haina hata mkwaruzo. Kwa saa nane kwa siku inakula kama uniti tisa za LUKU kwa mwezi, nusu ya zile tyubu.

Siku ya kufunga nilimwita fundi kijana. Akaangalia juu, akasema, "Ami, hapa natoboa, napiga plagi, dakika kumi nimemaliza." Plagi zenyewe ni zile za plastiki za kwenye boksi, za kupigwa kwenye zege. Dari langu ni jipsamu. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, humo zitashika leo, kesho zinakuja na unga wake." Taa ina kilo mbili kasoro, si mzigo mkubwa, lakini inakaa juu ya vioo na maji zaidi ya lita mia mbili.

Tukatafuta mbao zinazoshika dari. Nilifunga kisumaku cha mlango wa friji kwenye uzi, nikapanda ngazi nikakipitisha chini ya dari taratibu. Kila kilipovutwa kikaganda, pana kichwa cha skrubu iliyoshika jipsamu, na skrubu zikipangana mstari, hapo juu ndipo mbao inapopita. Tatizo mbao haikupita juu ya katikati ya tangi. Fundi akachukua kipande cha ubao, akakivusha toka mbao moja hadi ya pili, skrubu ndefu kila upande, tukapaka rangi nyeupe, ndoano tukazifunga kwenye huo ubao. Ilichukua saa mbili na soda mbili. Nisingebadilisha chochote hapo.

Kimo ndicho nilichokosea. Niliiweka sentimita 15 juu ya maji, nikidhani karibu ndiyo bora. Katikati paling'aa kama jukwaa la harusi, pembeni giza, maana taa ni fupi kuliko tangi. Wiki ya tatu majani ya anubia yakavaa ukungu wa kijani. Mmea ule ni wa kivulini, na mimi nilikuwa nikiumulika saa kumi kwa siku. Nikapandisha hadi 30, nikaweka taima ya saa nane. Mwanga ukatandaa hadi ncha zote, mwani ukapungua, na uso wa maji ukaanza kutupa mawimbi mawimbi chini kwenye mchanga, yale ambayo tyubu hazikuwahi kunipa. Nilijaribu 45 pia. Huko ukikaa kwenye kochi inakupiga machoni. Baba mkwe aliuliza kama nimefungua duka la simu.

Sasa nyaya za kuning'inizia taa, zilizokuja kwenye boksi. Kila moja inapita kwenye kishikizo kidogo mfano wa risasi: unavuta juu inapanda, ukibonyeza inateremka. Raha tupu, kwa miezi minne. Mwezi wa tano, usiku baada ya Isha, tukasikia chubwi. Upande mmoja wa taa umo majini bado inawaka, gapi wote wamejibana kona ya pili. Nilizima kwanza ukutani ndipo nikaigusa, ingawa inayofika kwenye taa ni volti 24 tu za adapta. Waya wa adapta nao niliuacha uning'inie kitanzi chini ya soketi, maji yakifuata waya yadondokee sakafuni. Fanyeni hivyo.

Nilikifungua kile kishikizo kwa bisibisi ya saa. Ndani mna vigololi vitatu na springi nyembamba kama unywele. Springi ilikuwa vumbi la kahawia, imekatika, vigololi havibani kitu. Boksi limeandikwa havishiki kutu. Labda Dodoma. Hapa upepo wa kusi unaingia na chumvi hadi kwenye bawaba za milango. Muuzaji alisema ni matumizi mabaya, kisha akatuma vingine vilevile, na kimoja kimeshabadilika rangi kingali kwenye mfuko wake.

Taa nayo? Nilifuta, nikaiacha siku nzima, ikawaka. Imeandikwa IP67, yaani inastahimili kuzama mita moja kwa nusu saa, na kwangu haikudanganya.

Aliyenitoa ni jirani mvuvi. Aliziangalia nyaya zangu akacheka, akaniletea mshipi mnene wa nailoni, ule wa samaki wakubwa, na ndoano za shaba. Akafunga vitanzi vitatu kila upande: sentimita 20, 30, na cha juu kabisa cha kusafishia. Kubadilisha kimo ni kuhamisha kitanzi tu. Mshipi hauonekani, wageni hudhani taa inaelea.

Nyota moja niliyoikata ni kwa sababu kioo chake cha chini kinashika chokaa kutokana na mapovu ya pampu, na kufikia pembe zake kwa kitambaa ni taabu. Mengine ni ya tangi kuwa wazi. Joto la kaskazi linanywa maji, najaza karibu kila siku ya pili. Na moli mmoja tulimkuta asubuhi chini ya kochi. Sasa nimetandaza kipande cha wavu juu, nacho kimetoka kwa jirani yuleyule.