Uzoefu wangu na Muscular Dystrophy UK, shirika lililotushika mkono kwenye Duchenne

Mwanangu ana Duchenne, maradhi ya vinasaba yanayodhoofisha misuli, hasa kwa watoto wa kiume. Tunaishi Coventry, asili yetu Tanga, na nimeshaulizwa na Waswahili wengi wa huku Uingereza ni nani hasa aliyetusaidia. Hospitali imefanya kazi yake na naishukuru, lakini jina ninalolitaja kwanza ni Muscular Dystrophy UK. Ni shirika la hisani, na sehemu yake niliyoitumia kuliko zote ni simu ya msaada. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua kuna mama yuko Leicester au Reading sasa hivi, mtoto wake anaangukaanguka, na ndugu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wanamwambia amsugue miguu kwa mafuta ya nazi.

Shirika hili lilianza mwaka 1959. Jina lake limewafanya wengi wadhani ni la maradhi ya aina moja tu, na si kweli. Linahudumia zaidi ya maradhi 60 yanayodhoofisha misuli, na kwa hesabu yao watu zaidi ya 110,000 Uingereza wanaishi nayo. Wamo watoto wenye Duchenne kama wangu, wamo wenye Becker, wenye SMA, na wamo watu wazima ambao misuli ilianza kuwalegea wakiwa tayari na wajukuu. Kupiga simu ni bure. Hakuna ada ya uanachama wala anayekuuliza umechangia kiasi gani.

Dalili za mwanangu zilikuwa mbele ya macho yetu na sote tulizisifia. Alikuwa na mashavu ya miguu manene, magumu, na wajomba walisema huyu atachezea Coastal Union. Alichelewa kutembea. Akitaka kuinuka kutoka sakafuni alijipandia mwenyewe: mikono magotini, halafu mapajani, mpaka anyooke. Daktari mmoja alipima damu akakuta vipimo vya ini viko juu, basi tukahangaika na ini. Baadaye sana ndipo tukakutana na daktari mwingine aliyemtazama akiinuka mara moja tu, akaagiza kipimo kiitwacho CK. Kile ndicho kinachoonyesha misuli inavunjika, na kilikuwa juu ajabu. Vile vimeng'enya tulivyodhani ni vya ini vilikuwa vinatoka kwenye misuli. Kama mtoto wako ni wa kiume, anachelewa kutembea au anapanda ngazi kwa tabu, na unaambiwa ini, omba CK. Ni kipimo cha damu cha kawaida.

Jibu la kipimo cha vinasaba lilipotoka nilipewa namba ya simu ya shirika kwenye karatasi. Niliipiga nikiwa na swali moja, nalo halikuwa la tiba. Nyumbani Tanga maneno yalikuwa yameanza. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye huruma sana, aliagiza kisomo kisomwe na kombe liletwe na mtu anayesafiri. Hilo nililipokea, dua ni dua. Ila wifi yangu alisema wazi kwamba maradhi yametoka upande wetu, na ushahidi anao: mama yangu alikuwa na kaka aliyekufa kijana kule Pangani, miguu ilimwishia utotoni akawa wa kubebwa mgongoni, na kila mtu alijua kuwa alichezewa. Kwa hiyo nilitaka kumuuliza mtu anayejua: ni mimi?

Yule mama aliyepokea simu hakunikimbilia na pole nyingi. Alinieleza taratibu, na mimi nilikuwa naandika. Maagizo ya mwili ya kutengeneza protini iitwayo distrofini yako kwenye kromosomu ya X. Mwanamke anazo X mbili, moja ikiwa na kasoro, ile nyingine kwa kawaida humfunika. Mwanamume anayo moja tu, ikiharibika hana akiba. Mama mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, na kila binti nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji wa kasoro hiyo. Lakini pia, akasema, karibu theluthi moja ya watoto wenye Duchenne kasoro imeanzia kwao wenyewe na mama hana kitu. Asingeweza kuniambia mimi ni yupi. Akanieleza jinsi ya kuomba rufaa ya kwenda kwa washauri wa vinasaba, na nini nimwambie GP, daktari wetu wa mtaa, ili asiniache.

Halafu akaniuliza, "Una dada? Una binti?"

Swali hilo lilinigeuza. Mpaka siku ile nilikuwa nahangaika na lawama, nani kaleta nini kwenye ukoo wa nani. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa na watu walio hai ndani yake, na kila mmoja alikuwa na haki ya kujua. Nilipimwa nikakutwa ni mbebaji kweli. Sasa moyo wangu mwenyewe unaangaliwa kila baada ya miaka michache, kwa sababu baadhi ya wanawake wabebaji misuli ya moyo hudhoofika pia, jambo ambalo sikuwahi kulisikia popote kabla ya simu ile. Mdogo wangu aliyeko Tanga nilimpigia usiku uleule nikamweleza yote. Ana watoto wawili wa kiume, wazima, alhamdulillah, na binti mmoja ambaye siku moja atahitaji kuelezwa.

Kwa mama mkwe ilinibidi nitafute njia ya kulieleza. Nilimwambia misuli ya mjukuu wake ni kama ukuta wa udongo uliokandikwa bila fito: unasimama, ila kila ukitikiswa unapukutika kidogo, na distrofini ndiyo fito. Alinyamaza, akasema, "Basi hata kaka wa mama yako, masikini, ndiyo hayo." Tangu siku hiyo hajawahi kuruhusu neno la kulogwa lisemwe mbele yake.

Kitu cha pili nilichopata kutoka kwao ni kidogo kwa umbo na ndicho ninachokithamini kuliko vyote: kadi ya tahadhari. Ina ukubwa wa kadi ya benki, inatolewa bure, na iko ya maradhi mbalimbali, kila moja na maelezo yake. Ya Duchenne inamweleza daktari wa dharura mambo ambayo huenda hajawahi kukutana nayo kazini. Mgonjwa huyu asipewe suksamethoniumu, ile dawa ya kulegeza misuli wakati wa nusukaputi, kwa sababu inaweza kumsimamisha moyo. Oksijeni apewe kwa uangalifu, kwa kuwa tatizo lake mara nyingi ni misuli ya kuvuta na kutoa pumzi, si mapafu yenyewe. Na kama anatumia steroidi zisikatizwe ghafla, maana mwili wake umeshazoea kutegemea dawa na hauwezi kujitengenezea kiasi cha kutosha akiumwa au akitapika.

Mwanangu alianguka akavunjika mfupa wa paja. Pale mapokezi ya dharura, kati ya kelele na mtoto anayelia, nisingeweza kueleza hata nusu ya hayo, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Nilitoa kadi. Daktari kijana aliisoma, akaisoma tena, akaondoka nayo mkononi kwenda kumtafuta mtaalamu wa nusukaputi. Walipanga dawa nyingine. Nimezitengeneza nakala kwa ajili ya shule, teksi inayompeleka, babake, na moja iko kwenye simu yangu.

Kuhusu fedha, nitakuwa mfupi. Posho ya ulemavu kwa watoto hapa England inaitwa DLA na fomu yake ni ndefu ya kukatisha tamaa. Ushauri niliopewa na simu ya msaada ulikuwa wa maana kwa mtu aliyelelewa kama sisi, ambaye akiulizwa hali anajibu "hatujambo" hata akiwa anazama. Waliniambia nisiandike "anatembea kidogo". Niandike anatembea umbali gani kabla hajakaa, akianguka nani anamwinua na kwa namna gani. Niandike na usiku: naamka kumgeuza, kwa sababu hawezi kujigeuza mwenyewe. Usiku sikuwa nimeuandika kabisa, nilihesabu ni sehemu ya kuwa mama. Tahadhari moja kwa wenzangu: DLA ni fedha ya umma. Kama viza yako hairuhusu fedha za umma, usijaze chochote kabla hujazungumza na mshauri wa uhamiaji. Na walioko Scotland wana utaratibu wao tofauti.

Kiti cha magurudumu cha umeme ndicho kilichoniumiza kichwa zaidi. Kile kinachotolewa na huduma ya afya kinampeleka mtoto mahali, lakini kiti kinachoinuka mpaka awe sawa na wenzake mezani, au kinacholaza mgongo akichoka, bei yake ni ya gari. Shirika lina mfuko uitwao Joseph Patrick Trust unaochangia vifaa kama hivyo. Nisisitize neno kuchangia. Hawalipi chote, na utahitaji barua ya mtaalamu aliyempima mtoto inayosema kwa nini anahitaji kifaa hicho na si kingine. Sehemu nyingine tuliikusanya sisi wenyewe; msikiti ulichanga, na chama cha Watanzania kikachanga. Kiti kilipokuja, kijana alianza kucheza mpira wa viti vya umeme, wanne kwa wanne ndani ya ukumbi, wakisukuma mpira mkubwa kwa kinga za chuma zilizofungwa mbele ya viti. Ana ukali uwanjani ambao nyumbani sijawahi kuuona.

Kuna jambo ambalo wengi hawalisemi kwa haya, na mimi nitalisema. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili, mzito, asiyeweza kusimama, anatumiaje choo mkiwa safarini? Vyoo vya kawaida vya walemavu vina vyuma vya kushikia ukutani, na hivyo havimsaidii asiye na nguvu mikononi. Nimewahi kumlaza mwanangu juu ya sakafu ya choo cha umma, nikiwa nimetandika kanga yangu. Sitaki mama mwingine afanye hivyo. Kuna vyoo vinaitwa Changing Places, vyenye mashine ya kumnyanyua mtu na kitanda cha mtu mzima kinachopanda na kushuka. Muscular Dystrophy UK ni mmoja wa viongozi wa umoja unaovipigania tangu 2006, na kuanzia Januari 2021 sheria za ujenzi za England zinataka viwekwe kwenye majengo mapya makubwa ya umma. Ramani yake iko kwenye mtandao na mimi sitoki mjini bila kuitazama. Mtu akiniuliza mashirika ya hisani yanapoteza muda gani na kampeni za serikalini badala ya kugawa misaada, namjibu kwa hicho choo. Stahi ya mwanangu imelindwa na kampeni.

Kampeni hizo zinagusa hata dawa. Mwanzoni mwa 2025 NICE, chombo kinachoamua dawa zipi huduma ya afya izilipie, kilipitisha vamorolone kwa wenye Duchenne wa miaka minne na kuendelea. Ni aina ya steroidi, si dawa ya kuponya. Dawa ya kuponya haipo, na yeyote anayekuuzia moja, awe Dubai, India au Kariakoo, mkatalie.

Mipaka ya huduma hii nayo uijue. Simu ya msaada ni ya siku za kazi. Usiku wa manane ni 999, namba ya dharura, na kadi yako. Wao si madaktari wako, hawatabadilisha dozi wala kukusomea picha ya moyo. Hawawezi kuiamuru halmashauri ikujengee bafu, ingawa wanaweza kukueleza sheria inakupa nini na kukusaidia na barua. Shule moja ilipotaka kumwacha mwanangu darasani siku ya matembezi kwa kuwa basi halikuwa na njia ya kupandisha kiti, walinielekeza maneno ya kutumia. Aliyekwenda kukaa mbele ya mwalimu mkuu nilikuwa mimi. Na mazungumzo yangu yote nao yamekuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama Kiingereza chako kinakukwama, kaa na mtu unayemwamini pembeni. Asiwe mtoto mwenyewe. Kuna maswali utakayotaka kuuliza ambayo hayafai kupita mdomoni mwake.

Kwa simu ya msaada na kadi natoa nyota tano bila kufikiri. Ukipiga mara ya kwanza, uwe na barua ya kliniki yenye jina kamili la maradhi, orodha ya dawa na dozi zake, na maswali yako yakiwa yameandikwa. Omba kadi ya tahadhari kabla ya jambo lingine lolote. Mengine yanaweza kusubiri wiki, hiyo isisubiri.