Shelaki kwa Samani za Zamani: Tathmini Kabla ya Kushika Brashi

Mwenye kabati la mbao la zamani hukosa usingizi kwa swali moja: alipake rangi lifanane na chumba cha leo, au aliache na sura yake ya asili? Watengenezaji wa rangi na vanishi wanalo jibu tayari, na jibu hilo huwa ni bidhaa yao. Nimetumia shelaki, kimiminika cha asili cha kupaka na kung'arisha mbao, kwenye kabati la droo nne ambalo hatima yake ilikuwa bado haijaamuliwa, na kwa kuwa rangi ya chaki (rangi nzito isiyong'aa) na vanishi ya poliyurethini (vanishi ya plastiki) nilikwisha kuzitumia kwenye samani nyingine, ninaweza kuzilinganisha. Kwa maoni yangu, asiye na uhakika aanze na shelaki, kwa sababu kati ya hizo tatu ni hiyo peke yake inayokubali kuondolewa bila kuiumiza mbao.

Shelaki hutokana na utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa nchini India na Thailand. Utomvu huo husafishwa na kuuzwa ukiwa chenga nyembamba, zenye rangi kuanzia manjano hafifu hadi wekundu uliokolea, na mtumiaji huziyeyusha kwenye spiriti. Samani nyingi za Ulaya na Marekani za karne ya 19 zilimaliziwa kwa shelaki, mpaka viwanda vilipoanza kuhamia kwenye laka ya nitroselulosi, aina ya kipako cha kiwandani kinachokauka haraka, katika miaka ya 1920. Jambo hili lina uzito kwa mnunuzi, kwani koti (yaani tabaka) jipya la shelaki huyeyusha kidogo koti la zamani na kushikana nalo, hivyo kwamba samani iliyokuwa na shelaki tangu mwanzo inaweza kufufuliwa bila kukwanguliwa hata mara moja.

Namna ya kujua ni rahisi. Chovya pamba kwenye spiriti, kisha sugua mahali pasipoonekana, kama vile upande wa chini wa ubao wa juu. Kwenye kabati langu uso ulianza kunata na pamba ikatoka na rangi ya hudhurungi, ishara ya shelaki. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina ya laka. Na hiyo nayo ikishindwa, huenda iliyopo ni vanishi ya mafuta au poliyurethini, na hapo faida kubwa ya bidhaa hii inapungua sana.

Kilichonivutia zaidi ni alama nyeupe ya duara iliyokuwa juu ya kabati, iliyoachwa na kikombe chenye unyevu. Niliviringisha kitambaa cha pamba, nikakitia spiriti kidogo kiasi kwamba kilikaribia kuwa kikavu, nikakipitisha juu ya alama bila kukisimamisha mahali pamoja. Weupe ulififia, kisha ukatoweka. Baada ya makoti mepesi ya shelaki, mistari ya mbao ilijitokeza kwa kina ambacho vanishi ya plastiki haijawahi kunipa. Mikwaruzo ya zamani ilibaki, nami sikuona sababu ya kuihangaikia, kwa kuwa kabati lililotumika vizazi kadhaa lina haki ya kuonekana limetumika.

Lau ningeanza na mashine ya msasa, kama wengi wanavyoshauri, kabati hili lingeharibika. Milango yake imefunikwa kwa venia, yaani tabaka jembamba la mbao lililogandishwa juu ya ubao mwingine, na mchoro wake unaojirudia kulia na kushoto kana kwamba unajitazama kwenye kioo ndio ulionitambulisha kuwa si mbao nzima. Venia za kiwandani kwa kawaida hazifiki unene wa milimita moja, na mashine huzitoboa kwa dakika chache. Tundu hilo halizibiki vizuri, na mara nyingi ndipo mwenye samani hukimbilia rangi ili kuficha aliyoyatenda.

Shelaki ina udhaifu wake, na si mdogo. Joto huilainisha, kileo kilichomwagika huiyeyusha, na sabuni kali au zenye amonia huiharibu, kwa hiyo siipendekezi kwa meza ya kulia chakula wala kaunta ya jikoni. Huko poliyurethini inastahili nafasi yake. Shelaki pia hukauka haraka mno, na anayerudisha brashi juu ya sehemu aliyokwisha kupaka huacha mabaka. Siku za unyevunyevu inaweza kufanya ukungu mweupe.

Kuhusu rangi ya chaki, siungani na wanaoiona kuwa dhambi. Samani ya kiwandani iliyo ya kawaida, ambayo venia yake imemeguka na ambayo tayari imepakwa rangi, haipotezi kitu ikipakwa tena. Kosa ni kuipaka moja kwa moja juu ya mbao tupu yenye vinyweleo, kwa sababu rangi huzama humo na haitoki tena yote. Hata hapa shelaki isiyo na nta inafaa kutangulia: huzuia rangi ya asili ya mbao kama mkangazi isipenye na kuchafua rangi nyeupe, na huweka ukuta mwembamba utakaomrahisishia kazi atakayetaka kuiondoa rangi baadaye. Rangi ya zamani sana isipigwe msasa mkavu kabla ya kupimwa, kwa sababu inaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu, ambayo Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978. Na samani yenye lebo au muhuri wa mtengenezaji ionwe kwanza na mtu anayezijua, kabla hata ya kugusa pamba.

Vishikio vya zamani navyo vifungwe kwenye mfuko na kuwekwa ndani ya droo mojawapo, hata kama vipya vinapendeza zaidi. Kutoboa matundu mapya kwa ajili ya hivyo vipya ni badiliko ambalo shelaki haiwezi kulifuta.

Anayenunua achague chenga kavu kuliko kopo lililochanganywa tayari. Chenga zikiwekwa mahali pakavu penye ubaridi hudumu muda mrefu, ilhali mchanganyiko huzeeka na kufikia hatua ya kutokauka, ukabaki unanata juu ya samani. Aidha, makopo mengi yana nta, na poliyurethini haishiki vizuri juu yake. Changanya kiasi cha kazi iliyo mbele yako tu, andika tarehe kwenye chupa, na kabla ya kutumia mchanganyiko uliokaa, dondosha tone kwenye kipande cha kioo uone kama linakauka na kuwa gumu.