Injini ya jeti kwa ndege kubwa ya rimoti: ninavyozipanga

Ndege ya rimoti ya kilo 20, iwe Hawk, L-39 au F-16, humaliza pesa kabla hata hujafika kwenye injini. Kwa hiyo watu wakifika hapo hutaka kumaliza kwa swali moja: ipi ina msukumo mkubwa? Mimi huanza na jingine: ikifikisha saa zake za sevisi, nani ataifungua, na yuko nchi gani? Watengenezaji wengi huandika saa 25 za kuruka. Zikitimia, kwa sisi tulio Afrika Mashariki injini inapanda ndege ya kweli kwenda kwa fundi ng'ambo, na gharama ya kuituma na kuirudisha ni sehemu ya bei yake. Nimezipanga kwa kufuata jambo hilo.

Kwanza hesabu ya nguvu. Ndege ya kuiga ile halisi huruka vizuri ikiwa msukumo ni asilimia 80 hadi 90 ya uzito wake ikiwa na tangi lililojaa. Hiyo tayari ni anasa: Hawk halisi ya mafunzo ikiruka na uzito wake kamili, msukumo wa injini yake haufiki nusu ya uzito huo. Kilo 20 zinahitaji msukumo wa kilo 16 hadi 18, yaani nyutoni 160 hadi 180.

Lakini namba ya msukumo kwenye karatasi ya mtengenezaji ni ya hewa ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15 za Selsiasi. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, siku ya nyuzi 25, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya kwenye karatasi, na msukumo hushuka pamoja nayo. Injini ya nyutoni 220 inakupa 175 hivi. Mombasa au Muscat kwenye nyuzi 35 unapoteza asilimia 6 au 7 kwa wepesi wa hewa peke yake. Kwa hiyo ndege ileile inayotosheka na injini ya daraja la 180 Pwani itataka ya 220 Nairobi, na anayekushauri bila kuuliza unarukia wapi hajakushauri bado.

Usiruke sasa hadi 300 ili "uwe salama". Injini kubwa hula mafuta zaidi, na hata ukiirudisha kwenye mzunguko wa chini kabisa bado inasukuma. Wakati wa kutua, msukumo huo ndio unaoifanya ndege ielee na kumaliza njia ya kurukia huku breki zikiwaka moto. Kumbuka pia kwamba jeti haijibu papo hapo. Kutoka mzunguko wa chini hadi nguvu zote ni sekunde kadhaa, na sekunde hizo ni ndefu mno ukiamua kughairi kutua ndege ikiwa chini na mwendo umekwisha.

Ya kwanza: JetCat P220-RXi. Inatoka kusini mwa Ujerumani, ina msukumo wa nyutoni 220, uzito wa kilo 1.85 hivi na kipenyo cha karibu milimita 117. Nguvu zote zikifunguliwa hunywa mafuta karibu mililita 725 kwa dakika. Ndiyo ghali kuliko nyingine za daraja lake na bado naiweka juu. Kampuni imekuwa kwenye kazi hii tangu miaka ya 1990, na mtu wa Ulaya ana fundi wa kiwandani mlangoni kwake. Kwa aliye mbali na fundi, mimi hulipia kwanza uhakika kwamba injini haitahitaji safari isiyo ya lazima. Aliye Pwani na ndege ya kilo 17 au 18 achukue mdogo wake, P180-RX, abakize pesa.

Ya pili: KingTech ya daraja la 210, kutoka Taiwan. Bei ni ya chini kuliko Mjerumani, na ina vituo vya sevisi nje ya Taiwan, ikiwemo Marekani. Mswahili anayeishi Texas au Minnesota nitamwambia waziwazi aigeuze orodha na kuiweka hii ya kwanza, kwa sababu injini yake haitavuka bahari ikihitaji kufunguliwa.

Ya tatu: Swiwin SW240B, ya China. Inatoa kilo 24 za msukumo kwa bei ya chini kuliko zote tatu, na stata yake ya kuwashia na pampu yake ya mafuta ni za mota zisizo na brashi, kwa hiyo hakuna kaboni ya kulika. Kwa Nairobi, nguvu hizo za ziada zina kazi ya kweli. Iko ya tatu kwa sababu moja tu: ubora wa huduma unategemea sana aliyekuuzia. Ukipata muuzaji anayejibu ujumbe kabla hajalipwa, na aliyekubali kwa maandishi kupokea injini ikiharibika, isogeze hadi ya pili bila wasiwasi.

Ya nne: JetCat P300-PRO. Ni injini nzuri ya nyutoni 300, lakini inakunywa karibu lita nzima kwa dakika. Inunue ikiwa ndege yako inakaribia kilo 25 na unarukia nyanda za juu. Ulaya, kupita kilo 25 kwenyewe ni suala la vibali vya pekee.

Ya mwisho ni ya mtumba. Sikatazi. Kompyuta ya injini huhifadhi saa ilizofanya kazi, hivyo mwambie muuzaji aiwashe mbele yako au kwenye video na akuonyeshe namba hiyo pamoja na karatasi za sevisi. Ikizimwa, sikiliza rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, inavyopungua mwendo: isimame taratibu bila kukwaruza. Angalia mapanga ya mbele yanayovuta hewa kama yana mikwaruzo ya kokoto. Bila karatasi, hesabu kwamba umenunua pia sevisi kamili.

Mafuta hayasumbui. Mafuta ya taa na yale ya ndege, Jet A-1, yote yanafaa, ukichanganya na oili ya jeti kama AeroShell 500 au Mobil Jet Oil II, kwa kawaida asilimia 5. Oili hiyo ndiyo inayolainisha beringi zinazobeba rota kwenye mizunguko zaidi ya 100,000 kwa dakika, kwa hiyo usiipunguze kwa kubana matumizi. Vaa glavu, maana ina sumu. Mafuta ya taa ya kituoni yachuje, na yaache yatulie kwanza ili maji yakae chini. Weka pia tangi dogo la kunasa hewa kabla ya pampu. Kiputo kimoja kinatosha kuizima injini angani.

Kabla ya kulipa, uliza mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, wanataka kibali gani kwa ndege ya uzito huo. Kisha tenga pesa ya mtungi wa kuzimia moto wa CO2, na mtungi huo ukae hatua mbili kutoka kwenye ndege kila unapowasha. Usinunue wa unga: unga ukinyonywa ndani, injini lazima ifunguliwe yote na kusafishwa.